Ujerumani kwa Mgeni: Kisanduku cha Barua, Mkate wa Jioni na Bili Isiyoletwa

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira na uhamaji mjini Berlin, Septemba 2024, maswali ya visa yamejaa kila kona, na wenye kuyajibu wamejaa vilevile. Wanaokwenda kusomea uuguzi, wanaofuata shahada ya pili, wanaofuata wake au waume zao, wote hufika uwanja wa ndege wakiwa na faili nene la karatasi. Ni nadra kukuta mtu aliyeambiwa nini hufuata baada ya mzigo kushushwa: utakula wapi, nani akusaidie, na kwa nini mhudumu wa mgahawa amekupita mara tatu bila kukuletea hesabu yako.

Likumbuke jambo moja tangu mwanzo, kwa sababu litakurudia kila mahali: kule anayeanza ni mgeni. Kwetu ukihamia mtaani, jirani atabisha hodi siku hiyohiyo kujua umetoka wapi. Ukiketi hotelini, mtu atakujia na birika la maji unawe. Ujerumani, anayehamia ndiye anayekwenda kujitambulisha kwa majirani, anayeingia chumbani ndiye anayesalimu waliomo, anayetaka kitu ndiye anayekiomba. Kimya utakachokikuta hakina chuki ndani yake. Wanakungoja wewe.

Anwani kabla ya yote

Sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya wakazi, Bürgeramt, ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Shughuli yenyewe inaitwa Anmeldung. Utakwenda na pasipoti, fomu, na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Hiyo karatasi ya mwisho ndiyo inayowatesa wageni. Wapo wanaopangisha vyumba kwa bei ya kuvutia halafu wakagoma kusaini. Chumba cha namna hiyo kiache hata kama kina kitanda, meza na dirisha la kutazama mto, kwa sababu bila Anmeldung mambo mengi yanasimama: akaunti ya benki katika benki nyingi, namba ya kodi ya mapato, hata kibali cha ukaazi. Katika miji mikubwa miadi ya ofisi hizo ni ya kugombania. Tafuta nafasi mtandaoni kabla hujafika, chungulia tena asubuhi mapema kwa sababu walioghairi huziachia, na hifadhi uthibitisho wa miadi hata kama tarehe yake imepita zile wiki mbili.

Sasa kisanduku cha barua. Sisi tumezoea S.L.P., au kupigiwa simu tuje kuchukua mzigo. Ujerumani nyumba ina namba, lakini milango ya ndani ya ghorofa mara nyingi haina. Mpeleka barua anatafuta jina la ukoo, na jina hilo lazima liwe limeandikwa kwenye kisanduku pale chini na kwenye kitufe cha kengele. Kama limebaki jina la aliyehama, barua yako inarudi ilikotoka. Na ndani ya bahasha hizo kuna vitu vya maana: namba yako ya kodi yenye tarakimu 11, kadi ya bima ya afya, kadi ya benki, kisha namba yake ya siri ikija peke yake siku nyingine. Siku unayokabidhiwa funguo, chukua kipande cha karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike hata kwa gundi ya muda. Ukiwa unakaa kwa mtu, ongeza jina lako chini ya lake. Kisha fungua kisanduku hicho kila siku. Barua yenye tarehe ya mwisho haitajali kwamba hukuisoma.

Mojawapo ya barua za kwanza huwa ni ya ada ya redio na televisheni za umma, Rundfunkbeitrag. Wengi huitupa wakidhani ni utapeli, au kwa sababu hawana televisheni. Si utapeli, na kutokuwa na televisheni hakukuondolei deni. Ni euro 18 na senti 36 kwa mwezi, lakini inalipwa mara moja kwa kila nyumba. Mkiwa wanne ndani ya nyumba moja, mmoja analipa na wengine wanatoa namba yake kisha mnachangiana.

Kuhusu kodi ya nyumba, tazama tangazo linataja bei ipi. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete imejumuisha kupasha nyumba joto, maji na huduma za jengo, na mara nyingi umeme na intaneti bado viko nje. Dhamana haitakiwi kuzidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Anayekutaka utume dhamana kabla ya kuona nyumba, akidai yuko safarini na funguo atazituma kwa posta, ni mwizi, hata Kiingereza chake kiwe kizuri namna gani. Jingine linalowashtua watu: nyumba nyingi zisizo na samani hazina jiko. Sisemi jiko la kupikia tu. Unaweza kukuta hakuna sinki, hakuna makabati, na nyaya zinaning'inia darini pale taa ilipokuwa. Uliza kabla ya kusaini.

Mwanafunzi anajua tayari habari ya akaunti iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, ambayo humtolea euro 992 kila mwezi. Asichoambiwa ni kwamba mwezi wa kwanza huwa na dhamana, godoro, koti na sufuria kwa mpigo mmoja. Beba akiba nje ya hiyo.

Saa, salamu na Jumapili

Miadi yote iandike kwa tarakimu za saa 24. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili hujichanganya mwenyewe, na lugha ya wenyeji inamwongezea mtego: "halb drei" ni saa nane na nusu mchana, yaani 14.30, ingawa sikio linasikia tatu. Ukichelewa dakika tano piga simu. Ukichelewa ishirini ofisini, miadi imekufa na unaanza upya.

Ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, sema "Guten Tag" kwa wote waliomo, kisha keti. Watakuitikia na kurudi kwenye kimya chao, na hilo latosha. Mtu mzima usiyemjua mwite "Sie", na usihamie "du" mpaka yeye mwenyewe, aliye mkubwa kwa umri au cheo, akuruhusu. Sisi tuliokua na shikamoo tunalielewa hili haraka kuliko wageni wengi. Ukiugua usiku na si hali ya kufa na kupona, namba ni 116117. Ajali, moto au mtu kuzimia ni 112. Polisi ni 110.

Jumapili maduka yanafungwa. Supamaketi, duka la nguo, duka la misumari, yote. Yanayobaki ni baadhi ya maduka ya mikate asubuhi, vituo vya mafuta na maduka ya stesheni kubwa za treni, kwa bei ya kukutia adabu. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ya soko, na kama Jumatatu ni sikukuu, foleni ya Jumamosi utaiona mwenyewe. Jumapili hiyohiyo ni siku ya ukimya: usipige msumari ukutani, usitoboe kwa mashine, usitupe chupa za kioo kwenye mapipa ya mtaani maana mlio wake ni kosa. Usiku ukimya huanza saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Muziki wa sherehe ya ubatizo hautasamehewa kwa sababu ni wa Injili.

Chupa na makopo usitupe. Kopo la soda au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina amana ya senti 25 ndani ya bei uliyolipa. Chupa za kurudishwa kiwandani zina senti 8 au 15. Zipeleke supamaketi, mashine izimeze, ikupe karatasi, uikatie kwenye hesabu ya manunuzi. Takataka nyingine zina mapipa yake: karatasi, mabaki ya chakula, vifungashio, na zile zisizo na kwao. Jirani atakayekusemesha kwa mara ya kwanza huenda akakusemesha kuhusu mapipa.

Kula nje

Anzia chini. Mwanafunzi ale Mensa, bwalo la chuo, ambako chakula cha moto ni nafuu na unalipia kwa kadi unayoijaza pesa. Mfanyakazi atafute ubao ulioandikwa Mittagstisch nje ya migahawa siku za kazi: ni chakula cha mchana kwa bei iliyopunguzwa, na mara nyingi jioni sahani ileile ingekuwa ghali zaidi. Duka la mikate lina kahawa na mkate uliojazwa jibini au mayai. Na kisha kuna döner.

Döner ndiyo shule ya kwanza ya Kijerumani kwa wengi wetu. Anayetajwa sana kuwa aliipeleka kwenye mkate wa kushika mkononi ni Kadir Nurman, mhamiaji kutoka Uturuki, mjini Berlin mwaka 1972. Nyama inazunguka kwenye mti wima mbele ya moto, mchomaji anaikwangua kwa mashine ndogo, mkate unapashwa moto, na maswali yanaanza kukumiminikia bila kutazamwa usoni. Kula hapa au kuondoka nayo? Sosi gani: ya majani, ya kitunguu saumu, au ya pilipili? Saladi zote? Kitunguu? Foleni iko nyuma yako na mtu wa tano ameshaanza kutazama saa. Jibu la kukuokoa ni "mit allem, und scharf", vyote na pilipili. Pilipili yenyewe, nikuonye, ni ya upole. Katika miji mingi utalipa kati ya euro 6 na 9.

Usidhani kila döner ni halali. Uliza, au tazama alama dukani. Anayejiepusha na nguruwe ana kazi zaidi kuliko kusoma neno Schwein. Schnitzel ikiandikwa "Wiener Schnitzel" kisheria ni nyama ya ndama, lakini "nach Wiener Art" kwa kawaida ni nguruwe. Viazi vya kukaanga, Bratkartoffeln, mara nyingi hukaangwa na vipande vya Speck, ambavyo ni nguruwe, na maharage mabichi nayo hufanyiwa hivyohivyo. Peremende nyingi za kutafuna zina jelatini ya nguruwe. Keki maarufu ya Black Forest ina pombe ya cheri. Bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaruhusiwa kuwa na pombe hadi asilimia 0.5, isiyo nayo huandikwa 0,0. Jifunze sentensi moja, "Ist da Schweinefleisch drin?", na uiulize bila aibu. Hakuna atakayekasirika. Wamezoea watu wasiokula nyama kabisa, wasiokula ngano, wasiokula maziwa. Ndiyo maana menyu imejaa vinamba na viherufi vidogo kando ya kila chakula: vinaonyesha viambato na vitu vinavyowadhuru wenye mzio, na ufunguo wake uko ukurasa wa mwisho.

Mgahawa wa kukaa una saa zake. Jiko la mchana huwaka takriban saa sita hadi saa nane, kisha wengi hufunga mpaka saa kumi na mbili jioni, na kufika saa tatu au nne usiku mpishi anavua aproni. Siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu, ni Ruhetag, siku ya kupumzika. Ijumaa na Jumamosi weka nafasi. Ukiingia sehemu ya kawaida unaweza kuchagua meza mwenyewe, ila ile yenye kibao cha Reserviert iache, na ile iliyoandikwa Stammtisch iache mara mbili: ni ya wateja wa miaka nenda rudi. Mahali pakijaa, kuuliza "Ist hier noch frei?" na kuketi meza moja na watu usiowajua ni jambo la kawaida, hasa kusini. Utasalimu ukikaa na kuaga ukiondoka. Katikati hapo hakuna anayekudai mazungumzo.

Mhudumu huanza na kinywaji. Maji ya bure ya bombani usiyategemee. Maji yananunuliwa, na ukisema "Wasser" tu utaletewa yenye gesi. Taka "stilles Wasser". Asiyekunywa pombe ana Apfelschorle, juisi ya matofaa iliyochanganywa na maji ya gesi, kinywaji kizuri kuliko sifa zake. Sheria ya biashara ya migahawa hulazimisha angalau kinywaji kimoja kisicho na pombe kisizidi bei ya kile cha pombe kilicho rahisi kuliko vyote, kwa hiyo kitafute kwenye menyu.

Kila mtu ana sahani yake. Mkitaka kula pamoja kama sinia, ombeni sahani za ziada, au nendeni migahawa ya Waeritrea na Waethiopia, ambayo haikosekani katika miji kama Frankfurt na Berlin, na huko mkono wako utakuwa nyumbani. Kwingine ni uma na kisu hata kwa kuku. Usianze kabla sahani za wote hazijafika na mtu hajasema "Guten Appetit". Mkigonga glasi, tazameni machoni. Utaona mzee mwenye heshima zake akipenga kamasi kwa kishindo mezani, na hakuna anayeshtuka. Ukicheua wewe, watashtuka wote.

Kisha bili. Umemaliza, sahani zimeondolewa, saa inakwenda, na hakuna anayekuja. Hujadharauliwa. Kwao, kuleta hesabu kabla hujaitaka ni kukufukuza. Usipige mluzi, usifyonze kama unavyomwita muuza kahawa, usialishe vidole. Mtafute mhudumu kwa macho, nyanyua mkono kidogo, sema "Zahlen, bitte". Atakuja na pochi kubwa nyeusi kiunoni na kuuliza: "Zusammen oder getrennt?" Pamoja au kila mtu chake? Kila mtu chake ndiyo kawaida, hata kwa marafiki wa karibu, na mhudumu atasimama pale kwa subira akipiga hesabu za watu saba mmoja mmoja: wewe ulikunywa nini, ulikula nini. Kwa hiyo kumbuka ulichoagiza.

Bakshishi hutajwa pale pale. Haiachwi chini ya kikombe. Asilimia 5 hadi 10 inatosha, na wengi hukamilisha namba tu. Bili ni 18.60: toa noti ya 20 na useme "Stimmt so", chenji imebaki kwake. Ukitoa noti ya 50, taja "zwanzig", atakurudishia 30. Unalipa kwa kadi, taja jumla kabla hajaandika kwenye mashine. Na hapa pana mtego wa adabu zetu: ukimkabidhi pesa huku ukisema "danke", anaweza kuelewa kwamba chenji yote ni yake. Asante ije baada ya chenji. Beba noti kila wakati, kwa maana bado kuna milango yenye karatasi ya "Nur Barzahlung", pesa taslimu tu.

Bavaria ina raha yake ya pekee. Katika bustani za bia za jadi, chini ya miti, unaruhusiwa kuja na chakula chako mwenyewe ukanunua kinywaji tu. Desturi hiyo imewekwa hata katika kanuni ya jimbo ya mwaka 1999. Kaa meza isiyo na kitambaa, kwani yenye kitambaa ni ya wanaohudumiwa. Familia nzima inaweza kufungua sambusa na kachumbari pale na hakuna wa kuuliza. Kwa mwenye watoto watatu na mshahara wa kuanzia, sijaona mahali pazuri pa kumalizia Jumamosi.

Nyumbani kwao, na kwako

Ukialikwa kula jioni, jiandae kwa Abendbrot: mkate, jibini, soseji, matango ya siki, vyote baridi. Chakula kizito wengi hukila mchana. Usinung'unike moyoni kwamba hukupikiwa. Umekaribishwa kwenye meza wanayokula kila siku, na hilo si dogo. Fika kwa dakika, uliza kama viatu vinavuliwa, chukua maua au kitu cha jikoni kwako.

Kwako mwenyewe utapika. Unga mweupe wa ugali uko maduka ya Kiafrika, wanayoyaita Afro-Shop, pamoja na ndizi za kupika na mihogo. Ule wa njano wa supamaketi, Polenta, husongeka ukikosa mwingine. Wakati wa baridi tafuta Grünkohl. Wenyeji huichemsha saa nzima na soseji. Ikatekate nyembamba, ikaange haraka na kitunguu na nyanya, na Mkenya yeyote ataijua ni sukuma wiki. Washa feni au fungua dirisha, pia kwa ajili ya kuta, maana mvuke usiotoka huleta ukungu na ukungu hula dhamana yako.

Lugha usiingoje darasani. Vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg na Bayreuth vinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Omba Tandem: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani, kikombe cha kahawa katikati, kila mtu akilipia chake. Mtu akikwambia "ich lade dich ein" ndipo ujue analipa yeye. Wewe ukilitamka hilo kwa ukarimu tu, mbele ya watu sita, bili ya sita ni yako.

Siku yako ya kuzaliwa ikikaribia, usishangae wenzako kazini kukaa kimya. Kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe wanaona ni mkosi, na keki haiandaliwi na wao: mwenye siku ndiye anayeleta. Peleka mahamri ya nazi, sahani mbili zilizojaa, na kikaratasi kando chenye kutaja ngano, nazi na chochote kingine ulichotia. Yaweke jikoni kabla ya saa tatu asubuhi, kisha pita mezani kwa kila mtu umwambie yapo.